Kifua cha mama kijana si gastriti kila mara: Bukavu ianze na elektro kabla ya familia kuuza kiwanja

Bukavu – Ana miaka 31 na watoto wanne. Tangu vita vilipomtoa Kalehe, anakaa kwa shangazi yake kule Panzi, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Jina lake linabaki kwake. Kazi yake kila mkaaji wa mji huu anaijua: kubeba mizigo ya watu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka Beach Muhanzi kupanda hadi soko la Kadutu. Mtoto wake wa mwisho ana miezi minne. Tangu amzae, kila anaposhika mlima kifua kinambana kama kimefungwa kamba nyingine, pumzi inakatika, mkono wa kushoto unakuwa mzito. Anatua mzigo kando ya barabara, watu wa pikipiki wanampigia honi, anangoja. Akipumzika kidogo inapita. Usiku analala ameegemea ukuta, kwa sababu akijinyoosha anakosa hewa.

Amekwenda kituo cha afya mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa ni gastriti, akapewa dawa ya tumbo. Mara ya pili aliambiwa ni mawazo. "Mama, ni vita hii. Ninyi wahami wote munasumbuliwa na mawazo." Mara ya tatu ilikuwa gastriti tena, na shauri la kuacha pilipili. Katika mara zote hizo tatu hakuna aliyemlaza kitandani na kumfanyia elektro, kile kipimo cha nyaya zinazobandikwa kifuani, mashine inatoa karatasi yenye mistari.

Kisha familia ikaingia. Binamu mmoja alisoma kwenye WhatsApp kwamba mishipa ya moyo inaonekana kwa skaneri, na kwamba Kigali au Nairobi wanaifanya. Kikao kikaitwa. "Yaya," mdogo wake alimwambia, "tuuze kile kiwanja cha baba, uende." Kiwanja kiko Kalehe. Nani ananunua kiwanja Kalehe wakati huu, na kwa bei gani? Ananunua yule anayejua kwamba muuzaji ana mgonjwa nyumbani.

Hapa pana makosa mawili, na yote mawili yamezaliwa na mama mmoja. La kwanza ni kumnyima mwanamke kijana kipimo cha bei ndogo kwa sababu ni kijana na ni mwanamke. La pili ni kumrukisha moja kwa moja kwenye kipimo cha bei kubwa kwa sababu kina jina kubwa. Katika makosa hayo yote hakuna aliyejiuliza swali linalotangulia kipimo chochote: kinatafutwa nini ndani ya kifua hiki, na ni kipimo gani kinaweza kukiona?

Wanganga wana hoja yao, na isikilizwe. Ni kweli kwamba mishipa inayolisha moyo kuziba kwa mafuta si ugonjwa wa kawaida kwa mwanamke wa miaka 31. Ni kweli pia kwamba gastriti imejaa mjini, na muuguzi anayepokea wagonjwa wengi asubuhi moja hawezi kumtuma kila mwenye kiungulia kwa mtaalamu wa moyo. Lakini kiungulia hakingoji mlima. Maumivu yanayokuja mtu anapopanda na kuondoka anapopumzika, yakiwa pamoja na pumzi fupi, yana njia yake ya kuzungumza, na lugha hiyo inafundishwa shuleni kwa wauguzi wote. Mwaka 2021 vyama vya wanganga wa moyo vya Marekani vilitoa mwongozo mpya kuhusu maumivu ya kifua. Humo waliandika wazi kwamba wanawake wako katika hatari ya ugonjwa wao kutotambuliwa, na kwamba sababu ya moyo ifikiriwe kila mara. Walieleza pia kwamba wanawake huleta dalili nyingine pamoja na maumivu: kichefuchefu, kuchoka kupita kiasi, kukosa pumzi. Yaani mambo yale yale ambayo huku yanaandikwa "gastriti" kwenye fishi.

Na hayo "mawazo"? Hakuna mtu Bukavu atakayekana kwamba vita vimejeruhi roho za watu. Mama aliyelala porini na watoto ana haki ya kusikilizwa na kutunzwa kwa ajili hiyo. Lakini mawazo hayaonekani kwa kumtazama mtu usoni na kusikia ametoka wapi. Mtu anaweza kuwa na mawazo na vali mbovu siku ile ile. Kumwambia mhami kwamba ugonjwa wake ni vita, bila kumgusa, bila kumpima presha, bila kumsikiliza kifua kwa ile mashine ya masikioni, ni kumfukuza kwa maneno ya huruma.

Elektro si kipimo cha ajabu. Haina mionzi wala sindano, inachukua dakika chache, na mwenye mimba au anayenyonyesha anafanyiwa bila shida. Mwongozo ule wa 2021 unataka mtu anayefika na maumivu makali ya kifua afanyiwe elektro na isomwe ndani ya dakika 10. Dakika kumi! Bukavu mtu anaweza kumaliza wiki tatu. Ni kweli elektro inaweza kutoka safi na ugonjwa ukawepo. Kwa hiyo karatasi safi si ruhusa ya kumfukuza mgonjwa ambaye bado anaumwa. Inarudiwa, na palipo na maabara yenye uwezo inaongezwa troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama nyama ya moyo imeumia. Lakini bila karatasi ile ya kwanza, kila mtu anabahatisha.

Baada ya elektro, kwa mwanamke kijana wa mkoa huu, hatua inayofuata ingekuwa ekografia ya moyo, na hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wanawaza mishipa iliyoziba kwa sababu ndiyo wanayoisikia kwenye filamu na kwenye WhatsApp. Ugonjwa wa moyo unaowakuta wasichana na akina mama vijana wa Afrika mara nyingi ni mwingine kabisa. Kuna uchunguzi mkubwa unaoitwa REMEDY, uliofanywa katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, juu ya wagonjwa 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na ugonjwa wa koo usiotibiwa utotoni. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini. Wawili kati ya watatu walikuwa wa kike. Mtoto anaumwa koo, anapona bila penisilini, viungo vinavimba na kupoa, familia inasahau; kumbe mwili uliokuwa ukipigana na kijidudu umeanza kuzishambulia vali, ile milango midogo ya moyo. Miaka 15 baadaye mlango mmoja umekuwa mgumu na mwembamba. Mtu akikaa, damu inapita. Akipanda mlima na mzigo, moyo unakimbia, damu haipati muda wa kupita, inarudi nyuma kwenye mapafu, pumzi inakatika. Mimba nayo inaongeza damu mwilini, ndiyo maana wengi hugundulika wakati wa uzazi, na wengine hawagunduliki, wanazikwa na watu wanasema amerogwa.

Kuna pia udhaifu wa moyo unaokuja na uzazi: kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua, moyo unavimba na kupoteza nguvu. Mwanamke anakosa hewa akilala, miguu inajaa maji, anachoka. Majirani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Na kuna presha, ambayo watafiti wa Université Catholique de Bukavu wamekwisha kuandika juu yake kwa watu wazima wa mji huu. Ikikaa miaka bila dawa inanenepesha kuta za moyo.

Magonjwa yote hayo matatu ekografia inayaona. Inaona vali ikifunguka na kufungika, inaona moyo ukikaza vizuri au ukitetemeka bila nguvu, na wakati mwingine inaonyesha ukuta mmoja usiotembea kwa sababu mshipa wake umeziba. Nayo pia haina mionzi. Na tena inafanyika hapa hapa Bukavu. Sasa mama wa Kalehe, mwenye mtoto wa miezi minne, anayelala ameketi, anatafutiwa kiwanja cha kuuza ili akapigwe picha ya mishipa! Skaneri ya mishipa inaweza kurudi safi kabisa, familia ikashangilia, na moyo wake ukaendelea kufa kwa sababu nyingine ambayo mtu wa ekografia angeiona hapa mjini.

Kuhusu hiyo skaneri, kuna jambo jingine ambalo wanaouza safari hawalisemi. Skaneri inatumia mionzi, na kwa picha ya moyo mionzi hiyo inapita kwenye matiti na mapafu. Kadiri mtu alivyo kijana ndivyo matiti yanavyoumia zaidi, na ndivyo anavyobakiwa na miaka mingi ya mbele ambamo kansa inaweza kuota. Mwaka 2007 watafiti wa Columbia University, New York, walikadiria hatari ya kansa maishani kutokana na skaneri moja ya mishipa ya moyo kwa mashine za wakati ule. Kwa mwanamke wa miaka 20 walipata mmoja kati ya 143. Kwa mwanaume wa miaka 80, mmoja kati ya 3,261. Mashine za leo zinatumia mionzi michache zaidi, hilo lisemwe. Lakini ni nani atakayempeleka mhami kwenye mashine mpya na si ile kuukuu? Na ni nani atakayemuuliza kwanza kama ana mimba?

Vipo vipimo vya katikati. Kuna kumtembeza mtu kwenye mkeka unaokimbia huku elektro ikiandika. Kwa wanawake kipimo hicho kina sifa ya kutoa kengele za uongo, na ni kweli: mistari inabadilika wakati mishipa ni mizima. Lakini mwanamke aliyetembea vizuri hadi mwisho bila maumivu na bila mistari kubadilika amepata habari njema ya kweli. Marekani, mwaka 2011, ilitolewa taarifa ya wanawake 824 waliogawanywa makundi mawili: kundi moja lilitembezwa na elektro peke yake, jingine liliongezewa picha ya moyo kwa dawa yenye mionzi. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa sawa kwa afya. Gharama ya kundi la elektro ilikuwa pungufu kwa asilimia 48. Wengi wa wanawake wale walikuwa wakubwa kwa umri kuliko mama wa Beach Muhanzi, na walikuwa na nguvu za kutembea. Yeye kwa hali yake ya sasa asipandishwe kwenye mkeka wowote kabla moyo wake haujatazamwa. Ila Wamarekani wenye mashine zote walikubali kupima kama ile ya bei ndogo inatosha. Huku, watu wanachukua ya bei kubwa kwa macho yamefumbwa.

Kutakuwa na mtu wa kujibu: mbona Uingereza wanaanza na skaneri? Kweli. Tangu 2016 mwongozo wao unaipendekeza mbele kwa wengi wenye maumivu mapya ya kifua, na uchunguzi wa Scotland juu ya watu 4,146 ulionyesha mwaka 2018 kwamba waliopigwa skaneri walipata shambulio la moyo au kufa kwa moyo mara chache zaidi ndani ya miaka 5: asilimia 2.3 dhidi ya 3.9. Ni kazi nzuri. Lakini wastani wa umri wa watu wale ulikuwa miaka 57, na zaidi ya nusu walikuwa wanaume. Faida yenyewe ilitokana sana na dawa walizopewa baada ya picha. Skaneri yao iko kwenye jengo lile lile, dawa ziko chini ghorofani, mgonjwa anarudi nyumbani kwa basi. Hakuna aliyeuza kiwanja. Kunakili orodha ya Edinburgh na kuibandika ukutani Kadutu si sayansi.

Wapo wanaostahili kweli kuvuka mpaka, na hao wasicheleweshwe. Mwanamke mwenye sukari ya miaka mingi, anayevuta sigara, mwenye presha sugu, anayeishi na VVU, aliyepata presha ya mimba, au ambaye baba au mama yake alikufa ghafla kwa moyo akiwa bado kijana: kwake mishipa ifikiriwe mapema. Kuna pia jambo la hatari linalowapata wanawake wachanga, hasa wiki chache baada ya kujifungua, bila sukari wala mafuta: ukuta wa mshipa wa moyo unachanika wenyewe kwa ndani na kuziba njia. Ndiyo sababu inayoongoza ya mashambulio ya moyo yanayohusiana na mimba. Skaneri inaweza kuikosa. Inahitaji koronarografia, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mkono au kinena hadi moyoni. Chumba cha kazi hiyo hakipo Bukavu. Kigali kuna hospitali ya King Faisal, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa 2015. Lakini atajuaje mtu kwamba yeye ni wa kuvuka Ruzizi leo usiku kama hakuna aliyemfanyia elektro? Karatasi ile ndiyo inayotenganisha anayepaswa kukimbizwa na anayepaswa kutibiwa hapa.

Na pesa? Hapo ndipo lawama inapopanda ngazi. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifungwa, mishahara ikakatika, na akiba za watu zikabaki ndani ya kuta. Mashirika ya kiutu yanalipia majeruhi wa risasi, watoto wadogo, kolera, uzazi, waliobakwa. Hakuna atakayesema wasilipie hayo. Lakini mhami wa miaka 31 anayebanwa kifua haingii kwenye sanduku lolote. Si majeruhi. Si mtoto. Amekwisha kuzaa. Analipia mwenyewe, na kwa kuwa hana, anapewa dawa ya tumbo ambayo ni rahisi. Anayeandika orodha za msaada aongeze mstari mmoja: mwanamke yeyote anayetumwa na kituo cha afya kwa maumivu ya kifua au pumzi fupi afanyiwe elektro bure, na ekografia ikiwa muuguzi au munganga ameiomba kwa maandishi. Ukilinganisha na safari moja ya Nairobi, mstari huo unatunza wanawake wengi sana.

Wakuu wa zone za afya nao wana sehemu yao, na haihitaji dola nyingi. Mashine ya elektro ni ndogo, inabebeka. Muuguzi anafundishwa kubandika nyaya mahali pake, na kwa wanawake nyaya za kifuani ziwekwe sawasawa chini ya titi, si popote pale kwa haya. Munganga wa moyo si lazima awepo: karatasi inapigwa picha kwa simu, inatumwa, jibu linarudi. WhatsApp iliyoleta habari ya skaneri inaweza kubeba elektro pia. Na makabineti yanayouza "vipimo vyote vya moyo" kwa bei moja yaulizwe: vipimo vyote kwa swali gani?

Akina mama wenyewe wasinyamaze. Anayebanwa kifua akipanda aseme hivyo hivyo, kwa maneno hayo: "Docta, inakuja nikipanda, inaondoka nikipumzika." Aseme alizaa lini. Aseme kama utotoni aliwahi kuvimba viungo. Akiambiwa gastriti, aombe kwa heshima: "Ndiyo Docta, lakini naomba elektro kwanza." Maumivu yasiyopita baada ya robo saa, yenye jasho baridi, au kuzimia, hayangoji asubuhi wala kikao cha familia, ni hospitali kubwa iliyo karibu, kwa njia yoyote salama inayopatikana. Na karatasi ya elektro isiachwe kwenye droo ya kituo. Mhami anaweza kuhama tena kesho kutwa. Ipigwe picha, kisha ifungwe ndani ya sasheti ya plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi, kwa sababu munganga wa mahali pengine ataihitaji ili alinganishe.

Mama wa Kalehe alirudi Beach Muhanzi Jumatatu, kwa sababu shangazi hawezi kulisha watu kumi na mmoja. Anabeba nusu ya mzigo sasa, na wenye mali wanamlipa nusu. Mdogo wake bado anatafuta mnunuzi wa kiwanja. Elektro hajafanyiwa.